Ukitaka Peugeot 504: namna ya kuichagua, kuinunua na kukaa nayo

Kazi yangu ni klaringi na fowadingi hapa bandari ya Mombasa. Meli ya magari ikifunga gatini ndipo nami huanza shughuli: Forester za tabo, Mark X, Golf GTI, Harrier, zimeshuka rangi inang'aa. Nyingi nimeziendesha mwenyewe kutoka bandarini hadi yadi, kwa hiyo utamu wa gari la kisasa naujua. Na nikitoka kazini naingia kwenye Peugeot 504 steshenwagoni yenye namba za kizamani, zile za kabla ya 1989 ambazo hazina herufi mwishoni, nikaenda zangu nyumbani. Watu huniuliza sababu. Wengine, hasa vijana, huniuliza namna ya kupata la kwao. Naandika kwa ajili ya hao vijana, lakini sababu lazima niitangulize, maana asiyejua anatafuta nini kwenye gari la zamani atalinunua vibaya na kuliuza kwa hasira.

Kwanza suala la mwendo

Golf GTI ya kizazi cha 6 ina nguvu ya farasi 210. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa haimalizi sekunde 7, na ikipewa barabara itafika 240. 504 yenye injini ya lita 2 na kabureta ina farasi 93, na ukiikamua hadi mwisho itafika kama 160. Kwa hesabu hiyo hakuna cha kubishania. Sasa yatoe yote mawili Mombasa uelekee Nairobi, safari ya kilomita kama 480. Kuanzia Changamwe hadi Mariakani malori ya kontena yamefuatana. Mwenye GTI kila akikanyaga mafuta amekwisha kulifikia tela la mbele, anashika breki. Anakanyaga tena, breki tena. Nguvu aliyoilipia haipati pa kutumika.

Mwenye 504 ana kazi ya kufanya. Kupanda Mazeras lazima ajue gia ya 3 itamfikisha wapi, akusanye mwendo mapema kabla mlima haujamkamata, alisome lori la mbele kama linaongeza au linachoka. Akilipita, amelipita kwa akili yake. Kwenye 80 au 90 gari zima linafanya kazi, sauti ya injini inasikika, stelingi inakwambia lami imekuwaje chini ya tairi, na bado hujavunja sheria wala kumhatarisha mtu. Raha yangu mimi iko hapo, kwamba uwezo wote wa gari nautumia kila siku. Mwenye gari la kasi uwezo wake anausoma kwenye karatasi za mauzo.

Ukiacha lami ndipo utaelewa zaidi. Springi za 504 zina nafasi kubwa ya kushuka na kupanda, na tairi zake ni nene, za inchi 14. Shimo ambalo litampasulia rimu mwenye tairi nyembamba za kisasa, 504 inalimeza na kuendelea. Viti navyo ni vya wakati ambapo Wafaransa walitengeneza kiti kama cha sebuleni.

Sababu ya pili ni ufundi. Gari la kisasa likigoma, taa ya injini inawaka na wewe unamsubiri mwenye mashine aje akusomee. 504 ya petroli ikigoma unaangalia moto, mafuta na hewa, basi. Kwa bisibisi, spana chache na koleo mtu wa kawaida anaweza kujifunza kuiamsha mwenyewe kando ya barabara.

Nikishasema hayo, kuna mtu ambaye namwambia asinunue. Kama gari nyumbani ni moja tu, na kazi yake ni kupeleka watoto shule kila asubuhi na kurudi usiku, nunua la kisasa. Lina mifuko ya hewa, lina breki za ABS zisizoruhusu tairi kujifunga na kuteleza, bodi yake imetengenezwa ijikunje mbele ili abiria wasalimike. 504 haina hayo, na mzazi hastahili kudanganywa. Tena inakunywa mafuta, na jua la Machi la Mombasa utalisikia lote. 504 ni gari la mtu ambaye kuendesha kwenyewe anakupenda, na ambaye gari likilala gereji siku tatu maisha hayasimami.

Kwa nini 504, na ipi

Ilizinduliwa 1968, ikatangazwa gari la mwaka la Ulaya 1969. Umbo lake lilichorwa na kampuni ya wachoraji magari ya Pininfarina kule Italia, na zile taa za mbele zilizochongoka utazijua hata usiku. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na Afrika ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha saluni mnamo 1983: Nigeria waliziunganisha Kaduna, na nyingi ya zile za Kenya ziliunganishwa hapa hapa Mombasa. Wazee wetu walizijua kwa safari za mbali, zile steshenwagoni za viti safu tatu zilizobeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu kabla ya Nissan kuchukua barabara.

Wengine walizijua kwa Safari Rally. Peugeot ilikuwa tayari na jina kwa gari lake la kabla ya hili, 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 Coupé ya injini ya V6. Natoa habari hizi kwa sababu zina maana kwa mnunuzi. Gari lililoshinda kwa kuvumilia matope na mawe lilijengwa kwa chuma cha kutosha na sehemu chache za kuharibika, na saluni ya mwalimu wa Machakos ilikuwa na mifupa ya ukoo ule ule.

Sasa kuchagua. Saluni ndiyo laini kuliko zote barabarani. Steshenwagoni ni ndefu zaidi, umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni milimita 2900 ilhali saluni ni 2740, na nyuma ina ekseli nzima na springi mbili kila upande, kwa hiyo inabeba mzigo bila kulalamika. Pikapu ina springi za majani. Injini za petroli ni za 1796 cc au 1971 cc, na zote ni imara. Ukipewa nafasi chukua 1971. Dizeli ya 2112 cc inaishi sana lakini ni nzito kuondoka, na mlimani utafuatana na malori. Kwa gari la kwanza mimi hushauri saluni ya petroli iliyokuwa ya mtu binafsi. Steshenwagoni nyingi zilifanya kazi ya matatu, na mwili wa gari lililobeba abiria miaka kumi hausahau.

Karatasi kabla ya kugusa boneti

Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililotumika likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo usiote kuagiza 504 kutoka Ufaransa kama unavyoagiza Vitz. Unatafuta zile zilizo nchini tayari. Hapo ndipo shida ya karatasi inapoanzia.

Gari limekaa chini ya mwembe tangu mzee afariki. Anayekuuzia ni mwanawe, mtu mwema, na logbook, ile hati ya umiliki, anayo mkononi. Jina lililo kwenye logbook ni la marehemu. Siku hizi kubadilisha umiliki kunafanyika kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mwenye gari lazima akubali kwa akaunti yake. Marehemu hawezi kukubali. Familia inatakiwa iwe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na msimamizi ndiye mwenye haki ya kuuza. Ukimpa mwana pesa leo halafu ndugu zake wakatokea mwakani, gari litarudi kwao na pesa hutaziona. Kaa na familia yote, mama akiwepo, uulize kwa adabu kama mirathi imemalizika. Kama bado, weka makubaliano kwa wakili na usilipe zote. Subiri. Gari limeshakaa miaka, halitakimbia mwezi huu.

Halafu linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye logbook, kwa macho yako, ukiwa na tochi na kitambaa cha kufutia grisi. 504 nyingi zimebadilishwa injini, na hilo si dhambi, ila ibadilishwe pia kwenye karatasi.

Bima: kwa gari la umri huu kampuni nyingi zitakupa thadi pati peke yake, yaani bima ya kumlipa mtu mwingine utakayemgonga. Ukitaka bima kamili, peleka gari kwa mthamini kwanza na uulize kampuni kadhaa.

Kutu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Injini ya 504 inaweza kufunguliwa na kufanywa upya. Difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, inapatikana. Bodi iliyooza ni ya kushonwa kwa welding hadi umri wako uishe. Nunua bodi, injini itafuata.

Sisi wa Pwani tuna hewa ya chumvi. Gari lililoishi Nyali au Bamburi likiegeshwa nje usiku kucha limeoza mahali usipopaona. Ndiyo maana nikitafuta bodi huangalia bara: Nakuru, Nyeri, Machakos, Eldoret. Jua la bara linachoma rangi na kupasua dashibodi, lakini chuma kinabaki chuma.

Usikague gari lililotoka kuoshwa, maana maji huificha rangi mbaya. Nenda asubuhi, gari likiwa kavu. Chukua sumaku ndogo uizungushie kitambaa laini ili usikwaruze, uipitishe taratibu chini ya milango, kuzunguka matao ya tairi na kwenye pembe za chini za mabawa. Pale sumaku inapong'ang'ania kuna chuma. Pale inapoteleza na kuanguka kuna filla, ile lipu ya kuzibia bodi, na chini ya filla kuna shimo ambalo panel bita, fundi wa bodi, alilifunika ili liuzike. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya boksi.

Inua mazulia yote. Muuzaji akisema yamegundishwa, mwambie utayarudisha. Sakafu chini ya miguu ya dereva huoza kwa maji yanayoingia chini ya kioo cha mbele, mahali mpira wa kioo umekauka. Kama saluni ina paa la chuma la kufunguka, mimina kikombe cha maji kwenye mfereji wake uangalie yanatokea wapi. Yakitoka chini nje ya gari, mirija iko wazi. Yakipotea, yameingia ndani ya nguzo na kazi ya kutu imeshaanza.

Fungua boneti utazame ile minara miwili ambapo springi za mbele zimejishikiza juu. Hapo ndipo uzito wote wa mbele unaning'inia. Ukiona vipande vya bati vimebandikwa kwa welding kuzunguka mnara, shukuru kwa chai uondoke. Tazama chini ya betri, maana asidi inakula. Kwa steshenwagoni lala chini uangalie mahali springi za nyuma zinapokalia, na sakafu ya safu ya tatu. Halafu fungua na kufunga milango yote minne, polepole. Mlango unaoshuka ukifunguliwa ni bawaba zimechoka, hiyo ni kazi ndogo. Lakini nafasi kati ya mlango na nguzo ikiwa pana juu na nyembamba chini, gari limepinda.

Rangi, viti, nikeli ya bampa, hivyo vitapatikana. Usivilipie wala usivikimbie.

Injini, na hasa maji yake

Mwambie muuzaji usiku uliotangulia asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti; ikiwa na joto, uliza sababu. Ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe masafi au ya rangi ya kulanti, ile dawa ya rejeta. Ukiona utando wa oili, au chini ya kifuniko cha oili kuna ute mweupe, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Bei ishuke kwa kiasi hicho, au uondoke.

Silinda hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na "lina" za silinda, yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji yenyewe. Faida yake ni kwamba lina na pistoni hubadilishwa kwa seti bila kuchonga bloku. Hasara ni kwamba gari likichemka mara moja vizuri, hedi inapinda. Na kinacholifanya lichemke huku kwetu mara nyingi ni maji ya kisima. Visima vya kisiwani vina chumvi, na maji yale yakitiwa kwenye rejeta yanakula aluminiamu kutoka ndani na kuziba vijia. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri, basi. Hili peke yake litakuongezea miaka ya injini.

Kisha kuna feni. Peugeot waliweka feni ya sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi inazunguka bure, ikipata joto swichi inapeleka umeme, sumaku inaivuta, inaanza kupuliza. Ni kitu cha akili sana kwa gari la 1968. Kwa magari mengi ya hapa imeshafungwa kwa skrubu izunguke muda wote, kwa kuwa brashi yake ya kaboni iliisha na hakuna aliyejua pa kuipata. Gari litaenda hivyo bila shida, ila kelele inazidi na mafuta pia. Fundi wangu, mzee wa Miritini aliyezishika gari hizi tangu ujana wake, hakubali. Niliponunua yangu aliikuta imefungwa hivyo, akaniambia, "Mwanangu, hii feni si adui yako. Nipe siku mbili." Akachukua brashi ya kaboni ya stata, akaichonga kwa msasa hadi ikakaa kwenye tundu lake, akasafisha pete ya shaba ambayo brashi inaisugua, akaunga waya mpya kwenye swichi. Tulikaa injini ikinguruma taratibu, tukitazama mshale wa joto ukipanda, na mara feni ikakamata kwa sauti ya "tak" na upepo ukatupiga usoni. Ukikagua gari la kununua, subiri joto lipande uone kama tak hiyo ipo. Isipokuwepo, angalia kama imefungwa. Ikiwa haifanyi kazi na haijafungwa, muuzaji ana haraka ya kuuza.

Liache ligurume dakika ishirini, kisha liendeshe. Uachie mafuta ukiteremka halafu ukanyage tena ukitazama kioo: moshi wa bluu ni oili inaingia kwenye silinda. Gia ya 2 ikikwaruza ukiishusha haraka ni kawaida ya umri, ila isichomoke yenyewe. Klachi ikaguliwe kwa makini. Propela ya saluni na steshenwagoni imo ndani ya bomba lililofungwa gia boksi upande mmoja na difu upande mwingine, kwa hiyo kubadilisha klachi ni lazima usogeze ekseli ya nyuma. Fundi atakutoza kwa haki kazi ya siku nzima. Weka gia ya 3 ukiwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta; injini ikipandisha sauti na gari lisiongeze mwendo, klachi imeisha na uipunguze kwenye bei.

Ukishalifikisha nyumbani

Usianze na rangi. Usianze na redio. Kila kilicho mpira na kila kilicho maji kibadilishwe kwanza: mabomba ya rejeta, mkanda wa feni, mipira ya breki, mafuta ya breki, oili zote tatu za injini, gia boksi na difu. Mipira ya petroli ndiyo ya kwanza kabisa. Mpira wa zamani unapasuka, petroli inadondokea juu ya ekzosti yenye moto, na gari la zamani likishika moto haliokoleki. Nunua kizima moto kikae chini ya kiti, si kwenye buti.

Tairi zisome ubavuni. Kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi nzuri kwa macho ambayo imekaa miaka kumi ni ya kutupa. Weka mikanda kwa viti vyote, hata vya nyuma kama havikuwa nayo. Breki zikiwa zimefanywa, zijaribu mahali patupu ukajifunze umbali wake wa kusimama, kisha kwenye barabara kuu jiachie nafasi kubwa kuliko ya mwenye ABS.

Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni huku kwetu kufikia 2006. 504 zinakwenda vizuri na ya sasa, ila mwambie fundi apime nafasi za valvu kila mara anapofanya sevisi, ili siti za valvu zikianza kuliwa mjue mapema.

Jambo moja ujifunze kwa mikono yako mwenyewe: kuweka pointi, vile vidole viwili ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa plagi. Toa kifuniko cha distributa. Weka gia ya 4 usukume gari kidogo kidogo hadi kile kipande cha pembe katikati kizifungue pointi hadi mwisho. Chukua fila geji, jani la milimita 0.4, ulipitishe katikati. Lipite likigusa pande zote mbili bila kulazimishwa. Lisipopita, legeza skrubu, sogeza, kaza, pima tena, maana ukikaza huwa inahama. Pointi zikiwa na vidoti vyeusi, zisugue kwa msasa laini na uzipanguse. Ni dakika kumi, na gari litawaka asubuhi kwa nusu ufunguo. Na ukipanga waya za plagi, kumbuka Peugeot wanahesabu silinda ya 1 kutoka nyuma, upande wa fulaiwili, karibu na dereva, na moto unakwenda 1-3-4-2. Mafundi waliozoea Toyota wanahesabu kutoka mbele, na nimeona gari zima likisukumwa mtaa mzima kwa jambo hilo.

Fundi na spea

Tafuta fundi kabla ya gari. Wazee wanaozijua 504 wanapungua, na walio hai wana wanafunzi wachache. Nenda ukae gerejini kwake, umsalimie, mnywe kahawa, utazame mikono yake inavyofanya kazi. Anayefungua boliti kwa spana ya saizi yake na kuzipanga kwenye bati kwa mpangilio, huyo ni wako. Mlipe vizuri na kwa wakati. Mwombe afundishe kijana mmoja kwa gari lako.

Spea bado zipo. Nairobi nenda Kirinyaga Road ukiwa na kitu cha zamani mkononi, usiende na jina peke yake, kwa sababu 504 ya 1972 na ya 1982 hazifanani kila mahali. Ukipata duka lenye mzigo wa zamani, nunua unachohitaji pamoja na cha akiba: pointi, kondensa (kile kikopo kidogo cha umeme kinachofanya kazi na pointi), gasketi, seti ya masta silinda. Ukiona 504 iliyokufa inauzwa kama chuma chakavu, inunue kwa ajili ya milango, vioo na taa.

Kukutana na wenye magari haya, nenda Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, mashindano ya kuhukumu magari yanayofanywa tangu 1970. Majaji wanapita na tochi hadi chini ya gari. Hata usiposhindana, tembea katikati ya magari uulize kila mtu alipopata spea zake. Wapenzi wa magari ya zamani hawafichi habari.

Safari ya kwanza ndefu

Baada ya matengenezo usiende mbali mara moja. Zunguka mjini wiki chache, ukitazama chini ya gari kila asubuhi kama kuna doa jipya. Kisha nenda Malindi na kurudi. Nairobi baadaye.

Siku ya Nairobi ondoka kabla ya alfajiri, upande Mazeras hewa ikiwa ya baridi. Buti iwe na pointi na kondensa mpya, rota, mkanda wa feni, bomba moja la rejeta, fyuzi, waya, koleo, galoni ya maji na lita ya oili. Kondensa ndiyo mkorofi. Hufa bila taarifa, gari likaanza kukohoa kama limeishiwa petroli, na watu hufungua kabureta bure. Badilisha kondensa kwanza. Endesha 80 hadi 90, macho yawe na mshale wa joto kila baada ya muda. Mshale ukipanda juu kuliko ulivyozoea, zima kiyoyozi kama kipo, punguza mwendo, na usisimame ghafla na kuzima injini. Iache igurume ipoe. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa moto.

Mtito Andei ni kama nusu ya njia. Simama, kula, liache gari nusu saa. Kabla ya kuondoka pima oili, gusa kila rimu kwa kiganja: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki ya upande huo inashika au beringi inalia. Bora ujue hapo kuliko Sultan Hamud. Ukirudi Mombasa peleka gari kwa fundi kabla ya kulala nalo wiki nzima, ukiwa umeandika kila sauti na mahali uliposikia. Na kama gasketi ya silinda hedi ilikuwa mpya, mkumbushe akaze tena boliti zake injini ikiwa baridi kabisa.